Ufagio Ambao Kasoki Hakupewa

Kasoki aliingia katika nyumba ya mtaa wa Lac Vert, mjini Goma, na ufagio wake mwenyewe. Alikuwa ameununua sokoni asubuhi ileile, ufagio wa majani magumu uliofungwa kwa mpira, na alipofika getini alisimama kidogo akitazama huku na huku, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuna aliyemwita. Mumewe, Muzee Kataliko, alikuwa amekwisha kuingia na wabeba mizigo na kuwaonyesha pa kuweka kitanda. Basi Kasoki akaingia, akainama, akaanza kufagia uwanja ambao hakuna mwanamke aliyemkabidhi.

Kataliko alimwona kupitia dirishani. Jambo lile lilimchoma, lakini akajifanya hakuona, akawapigia kelele wabeba mizigo kwamba wanakwaruza kabati.

Alikuwa dereva wa zamani, mtu wa Butembo, aliyekula miaka yake katika barabara ya Butembo na Goma akipakia maharagwe, vitunguu na mbao. Aliijua barabara hiyo tangu ilipokuwa barabara, kabla haijawa mlolongo wa vizuizi na mashimo. Shule aliiacha mapema, lakini alijisomea mwenyewe, gazeti lolote lililofungiwa mizigo, kitabu chochote kilichosahauliwa kwenye kiti. Kila jioni alikuwa na neno la kusema juu ya watu wa siku hizi, na neno lenyewe halikuwa tamu.

Nyumba yao ya kwanza ilikuwa Buhene, upande wa volkano. Waliinunua wakati Buhene ilikuwa bado mashamba, binti yao Micheline akiwa mgongoni. Siku ile, baada ya misa ya Jumapili, muuzaji aliwaita majirani wa pande zote. Wakakizunguka kiwanja kwa miguu, mchana kweupe. Kwenye kila pembe jirani wa pembe hiyo alipanda mmea wa mpaka kwa mkono wake mwenyewe na kutaja jina lake, ili asije akasema kesho kwamba hakuwepo. Mke wa muuzaji na watoto wake wakubwa walifuata nyuma. Kisha ikaja pombe ya ndizi, na watu wakanywa wakiwa wamekaa juu ya kiwanja chenyewe. Mwisho wa yote, mama wa nyumba aliinuka, akafagia uwanja kutoka mlango wa jikoni mpaka njiani, akamgeukia Kasoki na kumpa ufagio mkononi.

Hapo ndipo kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Kama mama wa nyumba hakutaka, ufagio haukutoka mkononi mwake, na wanaume wangeweza kunywa mpaka waanguke, kitu hakikuuzwa.

Mwaka 2021 moto wa Nyiragongo ulishuka na kuifunika nyumba ile. Mawe yalipopoa, majirani wa Buhene walipanda juu yake, wengine wazee wa siku ile ya pombe, wengine watoto wao, na kila mmoja akasimama mahali na kusema, hapa ndipo pembe yako, Kataliko, na hapa ndipo yangu. Hapakuwa na ugomvi. Chini yao hapakuwa na ukuta wala mmea, palikuwa na jiwe jeusi tu, na bado kila mtu alijua pake. Kataliko aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kuuliza ni nani leo angeweza kufanya vile.

Lakini Kasoki alikataa kurudi juu ya moto. Wakapanga Katindo, chumba na nusu karibu na kambi ya wanajeshi, ambako baragumu iliwaamsha kabla ya jogoo, na kwenda chooni ni kupanga foleni na watoto wa watu. Kasoki alikuwa ameanza kuugua moyo. Hakulalamika. Usiku mmoja tu, wakati wa kuvua viatu, alimwambia mumewe kwamba haombi kitu kingine duniani ila kufia kwake, asije akatolewa maiti katika nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akihesabu siku za matanga.

Kataliko akauza lori lake. Siku alipoliona likiondoka na dereva mwingine, jioni hakula.

Nyumba ya Lac Vert ilikuwa ya mtu anayeitwa Carlos, mfanyabiashara, naye pia wa Butembo, aliyesema anahamia Kampala na ana haraka. Ilikuwa nyumba nzuri ya mawe, mabati mapya, uwanja mpana. Kasoki aliitembelea mara moja, akagusa ukuta wa jikoni, akatabasamu. Kwa Kataliko hiyo ilitosha. Ilibaki kutafuta wakili wa kuandika mauzo.

Micheline, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alimpeleka baba yake kwa maître Alima, ambaye ofisi yake ilikuwa Birere juu ya duka la simu. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mwislamu, wa ukoo wa wachuuzi waliotoka Kasongo zamani. Aliwapa chai, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza. Kiwanja kiko kwa jina la nani katika ofisi ya viwanja, na nani amekwenda kuangalia? Hakuna deni juu yake, hakuna kesi? Mipaka nani anaijua? Wakili wa muuzaji ni nani? Akasema yeye haandiki neno kabla hajakanyaga pale kwa miguu yake.

“Na mke wa huyu Carlos, Papa, mulimuona na macho?”

“Iko Bukavu. Mama yake anagonjwa.”

“Basi tutamungoja.”

“Tutamungoja namna gani? Carlos anasafiri juma lijalo.”

“Ndiyo maana tutamungoja,” alisema Alima. “Na majirani?”

“Mimi nanunua nyumba, maître. Sinunue majirani.”

Alima alicheka, si kwa ubaya, akasema majirani huja pamoja na nyumba, ukitaka usitake. Kataliko hakucheka. Alijiona kama mtu anayehojiwa barabarani na askari, yeye ambaye katika maisha yake hakuiba hata kitunguu. Kwenye ngazi, akishuka, alimuuliza binti yake kama yule ni wakili ama ni polisi, na tangu lini mtoto wa Kasongo anamfundisha Mnande wa Butembo kununua nyumba.

“Papa,” alisema Micheline, “wewe ndiye unasemaga kila siku watu wa sasa hawaulize.”

Kataliko alimtaka ashike ngazi vizuri, asianguke.

Siku iliyofuata alikwenda kwa maître Fortunat. Huyu alikuwa wa shirika lao la parokiani, sauti nzito katika kwaya, mtoto wa kilima kilekile alikozaliwa Kasoki. Alimpokea Kataliko kwa Kinande, akauliza hali ya mama, akauliza hata hali ya lori, na aliposikia limeuzwa alitikisa kichwa kwa huzuni.

“Papa, sisi ni wa mama moja,” alisema. “Carlos pia ni mutoto wetu, na mimi ndiye wakili wake. Mulipe mawakili wawili ya nini? Mimi mumoja nitawabeba wote.”

Kataliko alitoka pale akiwa mwepesi. Hakuulizwa chochote juu ya nyumba. Aliona amepata mtu. Zamani, mtu wa kwetu maana yake ilikuwa mtu anayemjua baba yako, na anayeogopa kwamba baba yako atasikia. Siku hizi maana yake ni mtu anayejua kukusalimu kwa lugha yako. Neno limebaki lilelile, kilichokuwa ndani yake kimetoka, na wengi hawajagundua. Kataliko naye hakuwa amegundua, pamoja na manung'uniko yake yote.

Siku ya kutia saini walikaa wote katika ofisi ya Fortunat, Kasoki kwenye benchi nyuma. Walihitajika mashahidi. Fortunat alichungulia nje na kuwaita wanaume wawili waliokuwa wamekaa kwenye ngazi. Hiyo ndiyo kazi yao, kukaa pale wakingoja mtu anayehitaji shahidi, kama wengine wanavyongoja mtu anayehitaji kubebewa gunia. Mmoja alipokwisha kutia saini aliuliza, kwa kutaka kujua tu, nyumba yenyewe iko mtaa gani.

Kataliko alimtazama. Kitu cha zamani kiliamka ndani yake. Aliona pembe za Buhene, aliona mikono ya watu ikishindilia udongo kwenye mashina. Akakohoa.

“Na mama wa nyumba?” aliuliza. “Zamani yeye ndiye alikuwa anatoa ufagio.”

Carlos alitazama saa yake. Alisema mke wake ameshakubali, walizungumza kwa simu. Fortunat akatabasamu kama mtu anayetabasamia mtoto aliyesema neno la kuchekesha mbele ya wageni.

“Ufagio, Papa? Tuko Goma hapa, hatuko Kibumba katika viazi. Huku karatasi ndiyo inafagia.”

Watu wakacheka. Carlos akacheka, mashahidi wa ngazini wakacheka, na Kataliko, asije akaonekana mshamba mbele ya watu waliosoma, akacheka pia. Kicheko hicho ndicho kilichomfunga. Mkono ulitia saini tu baada yake.

Kasoki hakucheka. Alitia saini alipoambiwa atie, akauliza kama wanaweza kwenda sasa, kwa sababu kifua kinambana.

Walihamia. Kwa muda mfupi walikuwa na furaha, na hilo lazima lisemwe. Kasoki alipanda mboga za lengalenga nyuma ya jikoni. Asubuhi alifagia, mchana alikaa kivulini akichambua maharagwe, na rangi ilimrudia usoni. Jirani wa upande wa chini, mzee anayeitwa Ndayambaje, aliwasalimu juu ya ukuta kila siku, kwa heshima, lakini hakuwahi kuja kukaa. Kataliko aliona ni majivuno. Alisema mjini jirani amekuwa kama mti wa umeme, umesimama karibu na haukuhusu.

Mvua zilipoanza, geti lilifunguliwa mchana mmoja kwa ufunguo. Kasoki aliinua kichwa akidhani ni mumewe. Aliingia mwanamke kijana, mtoto mgongoni, begi mkononi, matope ya safari miguuni, akafunga geti nyuma yake kama mtu anavyofunga geti lake. Alimwona Kasoki, akasimama.

“Jambo, mama. Carlos aliwapangisha?”

“Hapana, mwanangu,” alisema Kasoki. “Tulinunua.”

Yule mwanamke alimwomba arudie, na Kasoki akarudia. Jina lake lilikuwa Umuhoza. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliketi kwenye jiwe la mlangoni, akamshusha mtoto, na Kasoki akaingia ndani kumletea maji, kwa kikombe alichokikuta jikoni siku ya kuhamia. Umuhoza alikipokea kikombe, akakigeuza mkononi, kwa sababu kilikuwa chake.

“Nani aliwapa?” aliuliza.

Macho ya Kasoki yakaenda kwenye ufagio uliokuwa umeegemea ukuta, ule wa kununua sokoni.

Kataliko alirudi na kukuta hali ndiyo hiyo. Akaleta karatasi zake, zimefungwa vizuri katika plastiki. Umuhoza alizisoma taratibu, zote, mpaka mihuri.

“Hapa kuna jina ya bwana yangu, Muzee. Yangu iko wapi?” Akagonga ukuta kwa vidole. “Hii mawe nilibeba mimi, na mimba ya huyu mutoto.”

Ndayambaje alikuwa amekuja ukutani aliposikia sauti. Ndiye aliyemchukua Umuhoza na mtoto, wakalale kwake. Kabla ya kuondoka alimwambia Kataliko kwamba alidhani ni wapangaji. Mtu akinunua huita jirani. Yeye amekaa pale tangu jiwe la kwanza la nyumba ile, anajua nani aliijenga, angesema yote kwa swali moja tu. Hakuna aliyekuja kumuuliza, na mtu hajipeleki katika mambo ya watu ambao hawakumwita. Alisema hayo bila ukali, na ndiyo maana yalimuuma Kataliko zaidi.

Asubuhi Kataliko alikuwa kwa Fortunat kabla ofisi haijafunguliwa. Simu ya Carlos haikupatikana tena. Kataliko alitaka ashitakiwe, atafutwe huko Kampala, arudishwe. Fortunat alimsikiliza akichezea kalamu.

“Papa, mimi siwezi kusimama kinyume ya mteja wangu. Sheria ya kazi yetu inakataza.”

“Na mimi ni nani yako?”

“Wewe ni Papa yangu,” alisema Fortunat.

Akamsindikiza mpaka mlangoni, amemshika kiwiko kama mgonjwa, akamshauri atafute wakili mwingine mzuri.

Basi Kataliko akapanda tena ngazi za Birere. Maître Alima hakumkumbusha lolote. Alimpa chai kama mara ya kwanza, akamweleza mambo bila kuyapamba. Nyumba ya mume na mke haiuzwi na mmoja. Umuhoza akienda mahakamani, mauzo yatavunjwa, na huyo mama atakuwa na haki. Carlos atapaswa kurudisha alichopokea, lakini kwanza apatikane, na awe na kitu. Kumshitaki mtu asiyeonekana ni sawa na kumpigia kelele ng'ambo ya ziwa.

Kataliko aliuliza kama kesi inaweza kuchelewa.

Alima alielewa kabla hajamaliza. Alisema ndiyo, inaweza. Kuna rufaa, kuna karatasi zinazokosekana, kuna mahakimu wanaohamishwa. Kesi ya nyumba inaweza kuzeeka, na mtu aliye ndani huwa anabaki ndani. Alisema pia kwamba kazi hiyo yeye hapendi kuifanya, ila mawakili wa kuifanya wako, hata kwenye ngazi hii yupo mmoja.

Kataliko alishika kikombe chake bila kunywa. Akamuuliza jambo lingine kabisa: ni shule gani inayofundisha kuuliza habari za majirani na mke wa muuzaji.

“Hakuna shule, Papa. Babu yangu alipofika hapa toka Kasongo, alinunua hivyo. Walikula kwanza pamoja juu ya mkeka, na mama wa nyumba ndiye alipakua.”

Kataliko alirudi Lac Vert kwa miguu, yeye asiyependa kutembea. Njiani alipita mahema ya wakimbizi bila kuyatazama. Kila jioni kwa miaka yote alikuwa ameililia desturi ile, na ilipomjia ikiwa imevaa joho la wakili na kitambaa cha Kiislamu kichwani, aliiita polisi.

Hata hivyo alipofika alikuwa amekata shauri. Alimweleza Kasoki kwamba kuna njia. Watakaa. Kesi itakwenda polepole, na wao ni wazee, moyo wa Kasoki daktari ameshausema. Hakumalizia, lakini maana ilikuwa wazi: kesi ikichelewa vya kutosha, Kasoki atafia kwake, kama alivyoomba.

Kasoki alikuwa anasikiliza kitu kingine. Upande wa pili wa ukuta, kwa Ndayambaje, mtoto wa Umuhoza alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha mtoto aliyelala chini penye baridi. Alikuwa anamsikia tangu alfajiri.

“Nilisema nataka kufia kwangu,” alisema. “Kwake sikusema.”

Kataliko alibishana. Alisema wameibiwa wao, si wao walioiba. Alisema lori lake liko ndani ya ukuta ule. Alisema mengi, na mengine ya kuumiza. Kasoki alimwacha aseme mpaka akaishiwa, kisha akaenda kuzima jiko.

Jumapili, watu walipotoka misani, Kasoki alimtuma Micheline kwenda kuwaomba majirani wa pande zote waje. Walikuja, hata wale wa nyuma ambao Kataliko hakuwahi kuwasalimu. Hapakuwa na pombe ya ndizi wala chakula. Mizigo ilikuwa imefungwa, kitanda kimesimamishwa nje ukutani. Umuhoza alikuja wa mwisho, mtoto mgongoni, akabaki getini, asijue aingie kama mwenyeji ama kama mgeni.

Kasoki alianzia mlango wa jikoni. Alifagia polepole, akisimama kupumua, mkono kifuani, na Micheline alipotaka kumsaidia alimsukuma kando. Alipita penye lengalenga zake, akapita chini ya dirisha, akafika getini. Majirani walitazama. Wazee miongoni mwao walijua wanachokitazama, vijana hawakujua, mmoja alikuwa na simu sikioni. Kasoki akaugeuza ufagio, akampa Umuhoza.

Umuhoza aliupokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu kwa mama mzee yule, pengine kumwomba abaki hata katika chumba cha nje, lakini Kasoki alikuwa amekwisha kupita, anatafuta pikipiki itakayomchukua bila kumrusharusha.

Kataliko alitoka mwisho. Ndayambaje alimshika mkono, akamwambia kwamba sasa watu wote wameona, na akija mtu na karatasi nyingine atajibiwa na mtaa mzima. Kataliko akasema ndiyo, sasa wameona.

Wamerudi Katindo. Si chumba kile cha zamani, kile kilikwisha kupangishwa, bali kingine nyuma yake, kinachofunguka kwenye korido. Baragumu ya kambini inasikika hapo vizuri zaidi. Jumapili kanisani Fortunat bado anaimba, na baada ya misa huja kuwasalimu kwa Kinande, Papa, Mama, moyo unaendeleaje, na Kataliko humpa mkono kwa sababu watu wanatazama. Carlos hajulikani aliko. Jioni Kataliko haongei tena juu ya watu wa siku hizi. Micheline ndiye aliyegundua, na ukimya huo humtia hofu kuliko maneno.

Korido hufagiliwa na mtumishi wa mwenye nyumba. Kasoki hukaa mlangoni, miguu imeinuliwa kidogo ili msichana apitishe ufagio chini yake, naye hushukuru kila asubuhi, kama mgeni.